Ganzi ya Njia ya Nkungu

Siku niliyomkata ndugu yangu kwa wembe, nilikuwa nimekaa kwanza nje ya mlango wake nikingoja mikono yangu izinduke. Ndivyo nilivyofanya kila nilipofika Nkungu. Nashuka kwenye pikipiki, nasugua viganja, nasubiri ganzi iondoke vidoleni. Siku hiyo nilidhani imekwisha. Binti yake aliniletea beseni la maji na sabuni, akatoka na kuvuta mlango kama kawaida. Nilikuwa nimemaliza nusu ya kichwa wembe uliponiteleza juu ya sikio. Damu ikashuka hadi kwenye shuka.

Hakupiga kelele. Alijipapasa, akatazama kiganja chake, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "unanikata nikiwa muzima. Nikikufa utanifanya nini?"

Alicheka, nami nikacheka. Nilipoinama kuusafisha wembe nilikuwa sicheki tena.

Namwita ndugu ingawa hatukuzaliwa pamoja. Tulisoma madrasa moja hapa Kamembe, Rwanda, tukiwa wadogo, tukakaa mkeka mmoja, tukapigwa fimbo moja. Mimi nilibaki mjini nikafundisha watoto. Yeye alioa na kuhamia Nkungu kwenye mashamba ya mkewe. Mke ametangulia mbele ya haki, na tangu mwaka jana miguu ya ndugu yangu haimbebi. Majirani zake ni Wakristo, watu wema, humletea maharage na maziwa na kumwamkia kila asubuhi. Lakini mwanamume wa dini yetu hayupo karibu, na binti yake, ambaye humpikia na kumfulia, anamwonea haya kumwogesha. Kwa hiyo kila Alhamisi naenda mimi. Namwogesha, namkata kucha, namnyoa, tunaswali pamoja, yeye akiwa amelala.

Tena alikwisha kuniomba, mbele ya binti yake, kwamba siku atakapokufa asioshwe na mtu mwingine. Nilikubali. Kwetu maiti huoshwa kwa mkono mpole, kama mtu anayesikia bado. Sasa mkono wangu ulikuwa umemtoa damu akiwa anasikia kweli.

Nyumbani mke wangu aliniona nikishindwa kufunga vifungo vya kanzu.

"Papa, achana na hiyo pikipiki. Panda na vijana wanaobeba abiria, ukae nyuma kama watu wa umri wako."

Nilikwisha kujaribu. Kijana hawezi kungoja mlangoni mwa mgonjwa muda wote ule, na jioni kule juu hupati wa kukurudisha. Sikumwambia mke wangu habari ya damu. Niliswali, nikamshukuru Mungu kwa macho na magoti ambayo bado yanafanya kazi, nikamwomba anirudishie vidole.

Pikipiki yenyewe ni ya zamani kuliko fundi anayeitengeneza. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa akibeba mchele hadi Ruhwa, mpakani na Burundi. Ubaya wake ulikuwa mbele, kwenye amotisa, yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu na yenye springi ndani. Zilikuwa ngumu kama zimejaa saruji. Kila jiwe la njiani lilipanda moja kwa moja hadi kwenye viganja vyangu. Siku chache kabla ya ile Alhamisi ya damu, fundi alikuwa ametoa oili nzito nyeusi iliyokuwamo na kutia nyepesi. Haikusaidia. Mbele paliendelea kuwa pagumu, na sasa pakaongeza kurukaruka, hata nilipofika Nkungu meno pia yalikuwa yananiuma.

Nikamrudia. Fundi huyu ni Mkristo wa Bukavu, ng'ambo ya Kongo. Huvuka mpaka wa Rusizi I kila asubuhi, spana zake ndani ya mfuko wa mgongoni.

"Papa, nilikutilia oili mwepesi kabisa," akasema. "Kama iko inakusumbua tena, ni barabara. Si pikipiki."

"Barabara ni ileile," nikamjibu. "Mikono yangu ndiyo si ileile."

Mtu mmoja alikuwa amekaa juu ya tairi akingoja lake lizibwe. Nilimfahamu kwa sura tu, mpakiaji mizigo wa njia ya Ruhwa. Akaanza kucheka.

"Hii si pikipiki ya muchele hii? Muzee, hebu panda."

Nikapanda. Mbele hapakushuka hata kidogo.

"Munaona? Haimusikii! Inangojea mufuko!"

Fundi alikasirika. "Wewe mutu ya Ruhwa, unajua nini?"

"Najua ufungue juu. Kuko vipande ya bomba juu ya springi."

"Viko, niliviona. Viko ku pikipiki zote."

"Zote za wapi? Za hapa! Ni sisi tunavitiaka, juu ya mizigo. Kiwanda hakijui bomba yako ya maji!"

Fundi aliinama kuitazama amotisa. Alijifunza kazi kwenye pikipiki za mizigo, na kila amotisa aliyoifungua upande huu wa mpaka na ule aliikuta na vipande hivyo, basi aliamini zimezaliwa navyo. Alivitoa, akavisafisha, akavirudisha mahali pake kwa heshima. Niliogopa ataona aibu na kutukana, lakini alijipiga paja akacheka hadi akakohoa.

"Miaka yote mimi naosha bomba ya batu na kurudisha!"

Akafungua vifuniko vya juu. Vikatoka vipande viwili vya bomba la maji, vimekatwa kwa msumeno, kila kimoja kirefu kama kidole changu cha kati. Ndivyo vilivyokuwa vimezibana springi wakati wote ili zisilale chini ya magunia. Akavitupa. Akatia oili ya unene wa katikati, akapima asijaze kupita kiasi. Kisha akalegeza ekseli ya gurudumu, akaniambia nishike breki na kuusukuma usukani chini mara nyingi, ili mabomba yajipange yenyewe yasivutane, ndipo akakaza, akianzia chini kwenda juu. Nilipopanda tena, mbele palishuka taratibu, pakapanda taratibu.

"Papa, breki ya mbele sasa usiikamate kama mwizi," akanionya. "Itainamisha kichwa, ikuangushe."

Alhamisi iliyofuata niliondoka baada ya swala ya alfajiri, nikaenda polepole kwa hofu ya breki. Mawe yalikuwepo, niliyaona yakipita chini ya gurudumu, lakini hayakunifikia kama zamani. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, peke yangu barabarani. Nilipofika niliviringisha vidole kimoja kimoja. Vinane vilikuwa hai. Viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vilikuwa vizito, na hadi ninapoandika haya havijarudi.

Ndugu yangu alikuwa amepungua kwa wiki ile moja. Binti yake alisema anakunywa uji tu, tena si mwingi. Kidonda cha juu ya sikio kilikuwa kimekauka. Nilipochukua wembe aliutazama, akafumba macho.

"Ukiogopa tuache leo," nikamwambia.

"Nyoa."

Nikanyoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto nikiutumia kukishika kichwa tu, na hakusikia tofauti. Nilipitia juu ya sikio pole sana. Nilipomaliza nikampangusa kwa kitambaa cha maji. Alijipapasa kichwa chote, mbele na nyuma, akakitazama kiganja. Kilikuwa kikavu. Nilingoja anitanie.

"Niambie utaanza wapi," akasema.

"Kuanza nini?"

"Siku ile. Unajua ile."

Sikutaka kujibu. Lakini alikuwa ameuliza kwa utulivu, kama tulivyokuwa tukimuuliza mwalimu wetu, nami nimefundisha jambo hilo kwa watu wengi.

"Nitakufunika kwanza," nikamwambia. "Nitalikanda tumbo lako polepole, nikusafishe, nikutawadhishe. Kisha kichwa, kisha upande wa kulia, halafu wa kushoto. Hutafunuliwa mbele ya mtu."

"Na maji?"

"Maji na sabuni. Mwisho kafuri."

"Ikuwe ya moto kidogo," akasema. "Hapa kwetu kuko baridi."

Nikamwambia nitayapima kwanza kwa mkono wangu. Nikamkunjulia blanketi hadi kifuani, nikalichukua beseni, na mlangoni nikamwita binti yake aje akae naye.