Niliipiga laminesheni fomu ya mafao ya uzazi ya mke wangu kabla ya kuipeleka ofisini

Wakuu, kamwene, kama tunavyosalimiana sisi Wabena.

Naanza na kosa lenyewe ili msiseme nimewazungusha: nilichukua fomu ya mke wangu ya kudai mafao ya uzazi, nikaipiga laminesheni. Pande zote mbili. Ofisi ilikuwa bado haijaiona wala kuigusa.

Nitaeleza kila kitu kama kilivyokuwa, hata pale ninapotoka vibaya. Mke wangu ameusoma uzi huu kabla sijaupandisha, na amerudisha sehemu mbili nilizokuwa nimezifuta.

Nina stesheneri ndogo Lyamkena, Makambako. Kompyuta nimejifundisha mwenyewe. Printa nimejifunza kuitengeneza kwa kuiharibu. Watu huniletea fomu za kila aina niwajazie, na ninajulikana kwa usafi wa kazi. Kuna mteja aliwahi kukata tamaa akaondoka, akaniacha bado napima pembezoni mwa barua yake kwa rula.

Wengine huiita sifa. Mimi naona ni ugonjwa. Nikikosea herufi moja, naandika upya ukurasa mzima. Nikiambiwa "iko sawa tu", natafuta rula.

Mke wangu, Rehema, ameajiriwa Njombe, kwenye ghala la kuchambua na kufungasha parachichi. Tumepanga Mjimwema, huko huko Njombe. Mimi siku za kazi nashinda Makambako, Jumamosi narudi nyumbani.

Kwa wasiojua: mama aliyeajiriwa na anayechangiwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, akijifungua anaweza kudai fao la uzazi, mbali na likizo anayopewa na mwajiri. Ila kuna fomu. Ina sehemu ya mwanachama, ya mwajiri, ya hospitali. Na kuna muda wa kuiwasilisha, ukipita umepita.

Niliposikia kuna fomu, nilifurahi kuliko niliposikia kuna mtoto.

(Hiyo ni sehemu ya kwanza aliyorudisha.)

Nilianza kuijaza mimba ikiwa na miezi saba. Herufi kubwa, wino mweusi, kila herufi katikati ya kisanduku chake. HR wa kazini kwake akasaini na kugonga muhuri, akanisifia mwandiko. Nikajaza jina la hospitali ya Njombe tuliyoipanga. Nikajaza mpaka tarehe ya kujifungua, maana daktari alishatukadiria.

Rehema akaniuliza, "Na mtoto umeshamjulisha hiyo tarehe?"

Nikamjibu kwamba daktari ndiye kasema.

Basi Faraja, mtoto wetu, hakuwa ameisoma fomu. Alikuja wiki tano kabla ya tarehe hiyo, mama yake akiwa amenitembelea Makambako kwa siku mbili tu. Akazaliwa huko huko. Kilo moja na gramu mia tisa.

Hapa sitanii, wakuu. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba ukimpakata unaangalia chini kuhakikisha bado yupo. Manesi wakatufundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa zamu, maana baridi ya huku haimbembelezi mtu.

Tuliporuhusiwa, daktari alishauri mtoto akae na mama yake muda mrefu kuliko kawaida, mpaka uzito utulie. Mwajiri wa Rehema alikuwa mwelewa: alikuwa tayari kumwongezea miezi miwili likizo ikiisha, ila bila mshahara. Tukapiga hesabu za kichwani. Fao likitoka, miezi hiyo miwili tutaiishi. Lisipotoka, Rehema anarudi ghalani na Faraja anaachwa nyumbani, mwili bado mdogo vile.

Yote hayo yalitegemea fomu moja, na fomu ilikuwa mikononi mwangu.

Mtu wa kawaida angechukua fomu mpya. Mimi nilishindwa kuuacha ule mwandiko. Nikachukua ule wino mweupe wa kufutia, nikafuta tarehe na jina la hospitali, nikaandika upya juu yake. Mkunga aliyemzalisha Rehema akajaza sehemu yake akagonga muhuri. Ikawa imekamilika.

Lakini pale nilipofuta palikuwa na mavimbe. Nikipitisha kidole nayasikia. Nikakaa nayo wiki baada ya wiki, naikagua, naipapasa. Kila nikisema kesho naipeleka, kidole kinaenda pale pale.

Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi, dukani hamna mteja. Nikaitazama mashine ya laminesheni. Nikajiambia plastiki italainisha yale mavimbe, na karatasi haitalowa njiani.

Ikatoka imenyooka kama kioo. Wakuu, niliipenda.

Na kwa kuwa mashine ilishapata moto, nikapitisha na kadi ya kliniki ya mtoto, niliyokuwa nimeichukua nikaitolee kopi.

Jumamosi hiyo nikapanda Njombe na vitu vyangu vinang'aa. Rehema alikuwa amelala na mtoto, nikavipanga kwenye faili bila kumwonyesha. Kwa bahati kliniki ya pale jirani ilikuwa na siku ya kupima watoto hiyo hiyo, tukaenda wote. Faraja akapimwa: kilo mbili na gramu mia tisa. Nesi akachukua kadi, akaandika. Kalamu ikateleza. Akapuliza ncha, akaandika tena. Ikateleza.

"Nani kaifunga hii kadi?"

Rehema akanigeukia mimi.

"Baba," nesi akasema, "hii kadi mtoto anaandikiwa uzito mpaka afike miaka mitano. Wewe umeifunga ana miezi miwili. Ameshamaliza kukua?"

Benchi zima la akina mama likacheka. Mmoja akanitetea: "Mwacheni, wenzake hata kliniki hawafiki."

Nilicheka nao. Ila hapo hapo nilikumbuka ile fomu. Chini kabisa ina kisanduku kikubwa kitupu kilichoandikwa: KWA MATUMIZI YA OFISI TU.

Jumatatu sikushuka Makambako. Nikaenda ofisi ya mfuko hivyo hivyo, nikitumaini miujiza. Dirishani alikaa mama mmoja mwenye koti zito na kikombe cha chai.

"Kamwene."

"Kamwene, mama."

Akaipokea fomu kwa ncha za vidole. Akaigonga mezani, ikalia kama sahani.

"Hii ni fomu au menyu ya hoteli?"

"Ni fomu, mama. Ya mke wangu."

Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Na hapa ulipopaka chokaa, chini yake kuna nini?"

"Tarehe, mama. Nilikosea."

Akamwita mwenzake aje aone. Wakaitazama wote wawili, kwa heshima kama watu waliofika msibani. Kisha akanipa fomu mpya.

"Mwanangu, nisikilize. Mjaze upya, mwajiri asaini upya, hospitali isaini upya. Mkikosea, kata mstari mmoja, andika sahihi pembeni, mwenye fomu aweke saini. Basi. Kosa tukiliona halitusumbui. Hili ulilolifunika ndilo linatutia wasiwasi." Akaangalia kalenda ya ukutani. "Mna siku kumi na moja."

Siku kumi na moja zinatosha kabisa. Kwa mtu mwingine.

Nikafika nyumbani. Rehema yuko mlangoni, mtoto kifuani.

"Wamepokea?"

"Wamepokea."

(Hiyo ni sehemu ya pili aliyorudisha.)

Sijui lilitokaje, wakuu. Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli. Nilipoona uso wake umetulia, mara ya kwanza tangu tutoke hospitali, nikasema lile ambalo lingeuacha umetulia. Nikajiambia nitarekebisha kimya kimya kabla hajajua.

Kesho yake akampigia msimamizi wake, akamwambia anachukua ile miezi miwili.

Mimi niko Makambako napambana. Kwanza nikataka kuokoa zile saini. Nikaona video mtandaoni, jamaa anaondoa laminesheni kwa pasi, anabandua taratibu kama ganda la ndizi. Nikawasha pasi. Plastiki ikavimba, ikanuka, ikatoboka. Tundu likatua katikati ya muhuri wa mwajiri.

Ile fomu mpya nayo nikaitolea kopi kumi na mbili za mazoezi. Naomba mtu asinichambue sana hapa. Kila kopi ina herufi moja iliyopinda, naanza nyingine. Siku kumi na moja zikawa sita, na fomu halisi bado nyeupe.

Jumamosi nikarudi nyumbani. Alikuwa amefika bibi yake Rehema kutoka Kitandililo, amekuja kumsaidia kulea mtoto. Bibi na mume wa mjukuu ni watani, kwa hiyo ananiita mume wangu na ananisema anavyotaka. Nikaweka begi chini, fomu zote zikiwa humo, nikaenda kunawa.

Niliporudi uani, bibi alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anapepea moto.

"Mume wangu," akasema, "leo angalau umeniletea kitu cha maana. Hiki hata upepo kinatoa vizuri."

Alikuwa anapepea na ile fomu yenye tundu.

Nilitaka kumwambia aiache, lakini Rehema alishatoka ndani. Aliona jina lake linapita huku na huku juu ya makaa. Akanyoosha mkono, akaichukua. Akaisoma. Akatazama tundu. Kisha akanitazama mimi kupitia hilo tundu.

"Baba Faraja. Hii si ndiyo uliyosema wamepokea?"



"Sijali plastiki," akasema. "Plastiki nakujua. Lakini mimi nimeshamwambia msimamizi wangu sirudi mwezi ujao. Ameshaweka mtu kwenye nafasi yangu. Nimesema hivyo kwa sababu wewe uliniambia wamepokea."

Nilikuwa na maelezo ya kutosha kurasa tatu. Bibi hakuningoja nianze.

Bibi akageuza viazi jikoni bila haraka. "Mjukuu wangu, huyu mumeo naye mpitishe kwenye hiyo mashine. Hapati baridi, halowi, na hatasema uongo tena maana mdomo utakuwa umefungwa."

Rehema alijitahidi kubaki na hasira. Nilimwona anavyojitahidi. Kicheko kikamshinda, na machozi yakatoka humo humo, na mtoto kifuani akawa anapanda na kushuka.

Msidhani alinisamehe. Alicheka tu. Kisha akasema, "Lete hiyo fomu mpya. Na kalamu."

"Ipi? Kuna ya wino mweusi nimei..."

"Kalamu."

Akakaa kwenye kigoda, fomu juu ya mfuniko wa sufuria, Faraja amemfunga kifuani kwa kitenge. Akajaza kama mtu anayeandika orodha ya sokoni. Kwenye tarehe ya kujifungua akakosea mwezi.

Niliona kabla yake. "Mama Faraja, hapo... mimi ninazo kopi..."

"Kaa."

Nikakaa.

Akakata mstari mmoja, na wala haukunyooka. Akaandika mwezi sahihi pembeni, akaweka saini. Viazi vilikuwa havijaiva, kazi imekwisha.

Jumatatu nikaipeleka kazini kwake. HR akaniuliza, "Ile ya kwanza, yenye mwandiko mzuri, imeliwa na nini?"

"Na pasi."

Akanitazama, akaamua kutouliza zaidi, akasaini.

Kesho yake, hospitali Makambako. Mkunga wetu alishahamishwa kituo, lakini msimamizi wa wodi akafungua rejista ya wazazi akatafuta siku yetu. Mstari wa Rehema upo. Jina la kwanza kuandikwa lilikuwa la mtu mwingine, limekatwa mstari mmoja, saini pembeni, Rehema juu yake. Kumbe hata siku Faraja anazaliwa mtu alikosea, akakata, akaendelea kumpokea mtoto.

Jumatano nipo dirishani kwa yule mama wa koti, zimebaki siku mbili. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya ule mstari uliopinda. Nikafungua mdomo, akainua kiganja. Akasoma mpaka mwisho.

"Nani kajaza?"

"Mwenyewe, mama."

"Inaonekana. Na wewe umejaza wapi?"

"Sijajaza popote."

"Ndiyo maana imefika," akasema, akagonga muhuri kwenye kile kisanduku. Wino ukashika.

Fao lilitoka. Rehema alikaa nyumbani miezi yote miwili, na alipoitwa alirudi kazini. Siku anarudi, Faraja alikuwa na kilo tano na nusu. Imeandikwa kwa kalamu kwenye kadi mpya, kadi ina doa la uji kwenye kona, na nimeliacha.

Nilichojifunza si kikubwa. Usijaze jambo ambalo halijatokea. Fomu ni ya mwenye fomu, mwache ajaze, wewe kamata mtoto. Na siku za kuwasilisha zinahesabiwa hata ukiwa bado unapapasa mavimbe.

Najua kuna mtu ataandika "si ungemwachia mkeo tangu mwanzo". Mkuu, umechelewa, bibi alishasema, na kwa Kibena inauma zaidi.

Mliowahi kudai fao hili, mlikwama wapi na mlijinasuaje? Andikeni hapa chini, wapo wenzetu wana fomu mezani sasa hivi. Na mwenye njia ya kubandua laminesheni bila pasi anifundishe tu, roho yangu itulie.

Mashine bado ninayo. Mteja akileta karatasi, namuuliza kwanza kama imeshamaliza kazi yake. Na Rehema akiniuliza "wamepokea?", kama hawajapokea, nasema hawajapokea.