Mzee Mwenye Wizara Tatu

Jamani, nichekeni tu, ila mimi mwenyewe nimeshindwa kucheka. Natunza wazee kwenye makao yao hapa Quakers Hill, ughaibuni. Mzee mmoja Mwingereza aliniambia Jumatatu kwamba kwao alikuwa waziri wa kilimo. Jumatano akasema wa magereza. Ijumaa, wa uchukuzi. Mjuaji mimi, nikaandika kwenye ripoti: "Mzee amechanganyikiwa." Wakamhamishia upande wenye kufuli, wa wagonjwa wa kusahau.

Jana binti yake alikuja na ripoti yangu mkononi, pamoja na albamu ya picha. Miaka ishirini serikalini, wizara zote tatu, moja baada ya nyingine. Mzee akanitazama kwa upole.

"Njeri, leo nikwambie nilikuwa waziri wa nini, ndipo unirudishe chumbani kwangu?"