Kisahani Kilichokataa Kusimama

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Katika jengo lile la ghorofa tatu kila mtu alimwita Mzee Punguza, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikuwa fundi umeme kwa miaka thelathini na minne, kisha akastaafu, na mtu aliyezoea kupanda ngazi humwambii akae kitini asome gazeti. Mwezi wa kwanza alimhamishia mkewe jiko kwenye kibaraza cha nyuma. Mwezi wa pili bili ya umeme ikaja imeshuka karibu nusu. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena, akakata shauri kwamba ni zile taa mpya alizofunga, pamoja na nidhamu. Basi akaona ni dhambi kuficha elimu.

Hivyo ndivyo alivyoanza kujitolea. Kila Jumamosi asubuhi alipita mlango kwa mlango na mfuko wa turubai wenye bisibisi, tochi na karatasi moja. Karatasi aliibana kwenye mlango wa friji la mtu, kisha akaivuta. Ikitoka bila ubishi, alitikisa kichwa, maana mpira umechoka na baridi inatoroka. Alipangusa vumbi nyuma ya mafriji. Alisogeza makabati yaliyoziba madirisha, ili watu wakumbuke kwamba jua halina mita. Hakupokea hata kikombe cha chai, ingawa maneno aliyatoa bila kipimo. Walimcheka akishatoka, lakini walimfuata, kwa sababu bili zao zilishuka kweli. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Aliyemshinda ni mmoja tu: mshonaji wa nyumba iliyo chini ya yake, aliyehamia mwaka ule ule Mzee alipostaafu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, si msemaji, mwenye pini mdomoni muda mwingi. Bili yake haikushuka ng'o. Mzee alikuwa akibandika karatasi mlangoni pa ngazi, yuniti za kila nyumba kwa mwezi, ya kwake juu kabisa kwa kubana matumizi na ya mshonaji chini kabisa. Siku ya mkutano wa wapangaji alisimama akasema, "Kuna wenzetu wanatumia umeme kama wameurithi." Hakutaja jina, na hakuna aliyelihitaji. Mshonaji aliinama akaendelea kupinda ukosi wa shati la mteja.

Si kwamba hakujaribu. Birika la umeme aliligawa. Pasi ya umeme aliigawa pia, akanunua ya mkaa, na moshi wake ukampa kikohozi kisichosikia dawa. Alishona kando ya dirisha mchana kutwa asiwashe taa. Bili ikabaki pale pale. Mwaka wa pili ulipoisha alikubali yaishe, ahame: kaka yake, mji mwingine, alikuwa na chumba cha uani. Wateja aliowapata mmoja mmoja, kwa kuwarekebishia kola na vifungo bila kununa, angewaacha. Kwa kaka mtu hukaa, lakini hukaa kama mgeni.

Jumamosi aliyokuwa akifunga mizigo, aliamua kufanya lile somo la mwisho alilofundishwa na Mzee mwenyewe: zima vyote, chomoa vyote, nenda kwenye mita ukatazame kile kisahani kinachozunguka umeme ukitumika. Kikisimama, nyumba yako ni salama. Kikizunguka, kuna mlaji. Mita zote za jengo zilikuwa kwenye ubao mmoja chini ya ngazi. Alitazama, kisha akamwita.

"Mzee, njoo uone. Nimechomoa kila kitu na bado kinazunguka."

"Umesahau kitu, mwanangu. Kila mtu husahau kitu."

"Cherehani nimeshaifunga kamba. Mle ndani nimebaki mimi na kuta."

Mzee aliingia akakagua, akakuta kuta. Akarudi chini ya ngazi. Kisahani kilikuwa kinazunguka taratibu, hakina haraka na mtu. Akaishika swichi kuu ya mshonaji, akaishusha. Kikasimama.

Kutoka dirisha la juu ikaja sauti ya mkewe. "Baba watoto, umeme umekatika? Friji limenyamaza. Na feni ya jikoni."

Mzee alielewa papo hapo, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Nyaya za nyumba ya juu na ya chini zilipita bomba moja. Siku ya kuhamisha jiko alivuta waya mmoja mle, akaona una umeme, akaamini ni wake. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza huambiwa ashuke, azime swichi kuu, ahakikishe. Yeye hakushuka. Fundi wa miaka thelathini na minne ashuke ngazi kuiuliza swichi?

Mshonaji bado alikuwa anakikodolea macho kisahani, hajaunganisha mambo. Mzee angeweza kusema ni waya mkuukuu, aurekebishe kwa dakika kumi, na mwezi ujao apewe sifa nyingine. Tusimsingizie utakatifu: wazo hilo lilimjia, likakaa kiasi cha mkewe kuita mara ya pili.

"Ni mimi," alisema. "Jiko letu linakula kwako. Waya niliuvuta kwa mkono wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipohamia."

Mshonaji alikohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Na ile bili yako ya mfano?"

"Nusu iliyopungua ulikuwa unanilipia wewe."

Hakupandisha sauti. "Mkeo anauliza. Mjibu."

Mzee alitoka akaenda uani. Madirisha yote yalikuwa wazi na watu walikuwa wanafua. "Umeme haujakatika, mama watoto," alisema. "Friji letu lilikuwa linatumia umeme wa jirani wa chini, miaka miwili hii. Kosa ni langu. Yeye hajafuja hata yuniti moja."

Mabeseni yakatulia. Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Mimi sihami," alisema. "Lakini sema tena. Ghorofa ya tatu hawajasikia."

Mzee aliinua uso kuelekea ghorofa ya tatu, akasema tena.