Kengele ya Lori la Ngwali

Katika miaka ya thelathini, Ngwali Jaribu wa Konde alikuwa na lori moja kuukuu la kupeleka abiria Wete, na wasiwasi wa mtu mwenye malori kumi. Siku alipokuta petroli imenyonywa, alifunga kengele ya shaba chini ya kiti, akaiunganisha kwa kamba na milango na magurudumu. Lori likiguswa tu, ilie.

Ikalia. Mbuzi alijikuna kwenye bampa, majirani wakatoka mbio na mapanga. Kuku akarukia boneti, wakatoka tena. Upepo wa kusi ukavuma, wakatoka wakijikokota.

"Ngwali mwanangu, si uilegeze hiyo kamba?" alisema jirani yake, Bi Mwanakhamis.

"Kamba haina kosa, bibi. Kosa ni la mtaa."

Basi akaanza kuurekebisha mtaa. Mbuzi walifungwa, kuku wakafunikwa matenga. Bi Mwanakhamis alikatazwa kutwanga uani kwake, eti kinu kinatikisa ardhi. Mzee Vuai, mwenye pumu, aliombwa akakoholee nyuma ya nyumba. Abiria nao walitakiwa kupanda taratibu kama watu waliofika msibani. Kengele ikaendelea kulia.

Mkewe, Mwanapili, alikuwa amesahau ladha ya usingizi wa mchana. Ngwali alipokwenda kuswali adhuhuri, mama huyo alijipenyeza chini ya kiti, akaishindilia kengele kipande cha kanga.

Kimya. Ngwali alikaa barazani, uso unameremeta.

"Mmeona? Watu wakifunzwa, hufunzika!"

Wenye maduka wawili wakaja kumtaka ushauri.

Wiki ile ile gurudumu la akiba likatoweka. Mzee Vuai ndiye aliyeliona pengo.

"Ngwali, umeibiwa gurudumu."

"Kengele imelia?"

"Haikulia."

"Basi sikuibiwa."

Mwanapili, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, alifungua kinywa aseme. Akaufikiria usingizi wake, akauinamia ungo.

Ijumaa iliyofuata, wachuuzi watatu wa samaki kutoka Kiuyu walipanda lori, miguuni wana makubadhi mapya yaliyokatwa kwenye mpira wa gari. Ngwali aliinama akayapapasa.

"Mpira wa maana huu! Mmeununua wapi?"

"Hapa hapa Konde," mmoja alijibu.

Ngwali alifurahi kusikia mji wake una bidhaa nzuri namna ile. Akawasha gari.