Khisa, fundi viatu asiyetaka sarafu isuguliwe

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, mjini Eldoret. Barazani mwa duka la vitambaa, Khisa Nyongesa ameweka kiatu cha mteja kando na anageuza sarafu taratibu kwenye mwanga. Ameishika ukingoni kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika yai.

Ni florini ya mwaka 1920, fedha iliyotumika muda mfupi tu kabla ya shilingi kuingia. Leo, Machi 1951, kuna mnunuzi anakuja kuitazama, na Khisa hatulii. Bado amepungukiwa na shilingi sitini ili anunue cherehani kuukuu ya kushonea ngozi. Kwa sindano ya mkono, siku nzuri humpa shilingi tatu.

"Kwanza naangalia pahali panaguswa sana," anasema. "Taji ya mfalme, na hizi nywele za simba. Hapo ndio huisha mbele ya pengine. Halafu naangalia mikwaruzo."

Anaiinamisha, na mng'ao hafifu unazunguka juu yake. "Sasa hii kuzunguka ndio inavuta macho. Sarafu mbili zinaweza kuwa zimelika sawasawa, lakini moja unaiacha mezani, ingine unashindwa kuiweka chini."

Elimu hiyo aliipata kwa uchungu. Mwaka juzi, mnunuzi mwingine alipotuma habari kwamba yuko njiani, mkewe Nekoye alifanya wanavyofanya akina mama wengi wa kwao wageni wakitarajiwa: alichukua majivu na mchanga, akasugua sufuria zote. Kisha akazisugua pia sarafu kumi na sita za mumewe. Ziling'aa ajabu. Mnunuzi alizitupia jicho mara moja, akaaga bila kununua: anayekusanya sarafu hataki iliyosuguliwa.

"Nililia siku mbili," Nekoye anasema bila kuficha. "Mzee hakunigombeza. Alinipea zote nikae nazo, nijue majivu inafanya nini."

Mwandishi wa habari hizi alidhani huo ni upole tu wa mume mwema, mpaka Kipyego, mnunuzi wa leo, alipofika. Kipyego ni karani anayemnunulia sarafu tajiri mmoja wa Nairobi. Aliitazama florini, akameza mate, akatoa shilingi arobaini na rupia moja ya zamani, nyeupe pe. Rupia hiyo, alisema, inatosha kujaza ishirini zilizopungua kwenye bei ya Khisa ya sitini.

Khisa akanyoosha mkono kuipokea. Nekoye akamtangulia, akaiinamisha huku na huku.

"Hii imesuguliwa," akasema. "Mng'ao wake hauzunguki, umekaa tu. Na hii mistari midogo ni ya mchanga. Hiyo kazi naijua, nimeifanya na mikono yangu."

Kipyego aliitazama tena rupia yake, akacheka hadi akashika mbavu. "Basi Mama, mimi ndio niliuziwa vibaya." Akahesabu sitini taslimu. Khisa alimtazama mkewe kwa fahari ambayo hakujaribu kuificha.

Cherehani itafika Jumatatu. Khisa atabaki na viatu, na kuanzia sasa Nekoye ndiye atakayenunua sarafu. Siku za soko atakuwa katika kijiji cha Ziwa, nje ya Eldoret, akiwatafuta akina mama wazee waliofunga rupia zao kwenye vitambaa miaka mingi iliyopita.

"Nataka niwafikie haraka," anasema, akijifunga leso kiunoni, "kabla hawajasikia wageni wanakuja."