Mpagazi wa Njia ya Mpapura

Ilikuwa mchana, jua likiwa utosini, na nilikuwa macho kama ulivyo wewe sasa hivi. Naanza na mchana kwa sababu watu wakisikia habari za namna hii husema ah, ilikuwa usiku, alichanganya mti na mtu. Hapana. Sikuwa na homa, sikuwa na njaa. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, na mimba haimfanyi mtu aone boksi la mbao mahali ambapo hakuna boksi.

Huu ni mwaka wa tatu tangu siku hiyo. Nimenyamaza vya kutosha.

Mimi na mume wangu Bakari tulikuwa tunatoka shambani kwetu, upande wa nyuma ya Mpapura. Ulikuwa mwezi wa saba, msimu wa kupuliza salfa, ule unga wa manjano unaokinga mikorosho na ukungu. Aliyetupulizia alikuwa kibarua aitwaye Anselmo. Wazee wake walivuka kutoka Msumbiji zamani, wakalima na kufanya biashara karibu na Ruvuma mpaka wakawa watu wa huku. Alikuwa mrefu, ana pengo mbele, na alicheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Siku tatu alikula kwetu, akalala kwetu. Asubuhi ile alimaliza mikorosho ya mwisho, akawa anafunga mashine yake kwenye baiskeli.

"Tangulieni," alituambia. "Nitawapita njiani. Mama kijacho anatembea kama bata."

"Na wewe umepakwa unga kama andazi bichi," nikamjibu.

Tukatangulia. Nikiikumbuka sauti ya kicheko chake nyuma yetu, mwili unanisisimka hadi leo.

Bakari ni mtu wa adabu. Unajua adabu ya kwetu kuhusu mzigo? Mtu akisimama mbele yako na mzigo kichwani, humuulizi ametoka wapi wala amebeba nini. Unanyoosha mikono miwili, unaupokea, unamtua. Akishapumzika unamtwika tena, naye anakwenda zake. Mtoto wa kwetu hujifunza hilo kabla hajajua kusali. Bakari alikuwa akishuka kwenye baiskeli kumtua mwanamke ndoo ya maji, hata kama anachelewa msibani. Nilimpendea hilo. Niamini, nilimpendea hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna mahali ile njia ya zamani inashuka kwenye bonde lenye nyasi ndefu. Tulipofika hapo njiwa walinyamaza. Mtoto wangu, aliyekuwa akicheza tumboni tangu asubuhi, naye akatulia tuli. Nilishika tumbo, nikainua macho, na mtu alikuwa amesimama katikati ya njia.

Hakutoka popote. Alikuwepo tu.

Alikuwa mwembamba hivi kwamba magoti yake yalionekana makubwa kuliko mapaja. Amejifunga kipande cha blanketi kiunoni. Miguu imevimba, imezungushiwa magome ya mti kwa kamba. Shingoni ana kipande cha bati cha mviringo, kimetobolewa, kimetungwa kwenye uzi. Kichwani ana boksi la mbao lenye maandishi yaliyofutika, limekaa juu ya ngata ya majani makavu. Shingo ilikuwa imezama mabegani kana kwamba mtu alikuwa ameipigilia kwa nyundo. Na harufu! Harufu ya unga uliooza, na chini yake harufu ya kidonda.

"Nitue, ndugu," akasema.

"Pole na safari, mzee," Bakari akaitikia, tayari anakunja mikono ya shati.

"Bakari, ngoja," nikamwambia.

"Ningoje nini? Humwoni mtu kaelemewa?"

Ningemwambia nini? Kwamba mtoto ametulia? Kwamba kila kitu pale bondeni kilikuwa na kivuli chake kifupi isipokuwa yule mtu? Hilo la kivuli nililigundua wakati mikono ya Bakari ilikwisha kulishika boksi.

Shingo ya yule mtu ikainuka polepole, kama jani lililoondolewa jiwe. Alifumba macho. Uso wake ulijaa raha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliye hai, halafu akasema kwa upole, kama anayempa mwenzake maelekezo ya kazi:

"Usiuweke chini. Wa nyuma wanakuja."

Akaingia kando ya njia, akajilaza ubavu, mikono katikati ya magoti. Nilipopiga hatua mbili kumtazama, nyasi zilikuwa zimesimama wima. Hapakuwa na mtu.

Nikageuka. Boksi lilikuwa kichwani kwa Bakari.

"Haya, nisaidie," alisema, bado anacheka. "Nilitaka kuliweka chini, limekwenda lenyewe kichwani. Limeninata, wallahi."

Kisha miguu yake ikaanza kutembea. Haikuelekea nyumbani. Ilielekea kusini, kwenye njia ya mtoni.

Mwanzoni alitania. Alisema labda ni mazingaombwe, labda tutapewa zawadi mbele. Nikatembea kando yake, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika shati lake. Kisha akaacha kutania. Jasho lilimtiririka, shingo ikaanza kushuka. Nyuma yetu nikasikia miguu. Si ya mtu mmoja, ni ya mamia, miguu mitupu inayokokotwa, na kikohozi, na kitu kama fimbo inayopiga ngozi. Niligeuka mara tatu. Njia ilikuwa tupu, lakini vumbi lilikuwa linapanda.

Nilijua ni nini. Ndiyo, nilijua, na hapo ndipo penye kisa chote, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Bibi yangu mzaa mama alitusimulia aliyosimuliwa na mama yake. Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza Ulaya, kwa ugomvi wa wafalme ambao huku hakuna aliyewahi kuwaona hata sura. Vikatufikia. Wajerumani wakashuka navyo kusini, Waingereza nyuma yao, Wareno wakiwa ng'ambo ya Ruvuma, na hakuna jeshi hata moja lililobeba mzigo wake lenyewe. Waliingia vijijini, wakakamata wanaume, wakawafunga kamba, wakawavisha namba. Aliyeanguka aliachwa nyasini. Mzigo wake akatwikwa aliyekuwa karibu: aliyekuwa analima, aliyekwenda kuchota maji, aliyesimama tu kutazama. Ikafuata njaa, maana waliokuwa wakilima walikuwa wanabeba. Ikafuata homa ya mafua, ikawamaliza waliosalia. Bibi alikuwa akisema mzigo wa vita vile haukufika ulikokuwa unapelekwa. Tulidhani anasema tu, kama wazee wanavyosema.

Nikanyoosha mikono kulishika lile boksi.

"Usiguse!" Bakari akapiga kelele. "Mtoto! Usiguse!"

Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake ya mwisho iliyo yake.

Tukatembea. Nikamwita jina, hakuitika. Nikamuuliza, "Jina lako nani?" Akafungua mdomo, akatafuta, akasema, "Mia tatu na kumi na moja." Kwenye kifua chake, juu ya shati la mtumba nililomnunulia mimi, kulikuwa na kipande cha bati.

"Na mimi ni nani?"

Alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni. "Sikujui, dada. Pisha njia, utapigwa."

Sijui kama umewahi kuogopa. Simaanishi kushtuka. Nasema kuogopa hadi meno yanauma. Niliona nitakavyozaa peke yangu. Niliona huyu mtu akitembea mpaka mtoni, akiingia majini na boksi lake, akitokea upande wa pili, akiendelea bila kufika miaka mia mingine. Na niliona jambo moja zaidi, kwa uwazi kabisa: kwamba mtu mwingine akimtua, Bakari atabaki kwangu.

Ndipo nikasikia kengele ya baiskeli.

"Shemeji!" Anselmo alikuwa anashuka bondeni, wa manjano kuanzia nywele hadi viatu, mashine ikigongagonga nyuma yake. "Mnakwenda wapi huku? Mji umehama? Na mumeo kaanza lini kuwa punda?"

Sema ungefanya nini. Kabla hujanihukumu, sema. Nilikuwa na muda. Huo ndio ukweli unaoninyima usingizi: alikuwa mbali kidogo, nilikuwa na muda wa kupiga kelele, "Anselmo, kimbia!" Maneno yalikuwa mdomoni. Nikayameza. Nikatoa mengine.

"Kachoka, shemeji. Mtue."

"Aa, hilo tu?" Akaegemeza baiskeli kwenye kichaka, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Leta, kaka. Tulipakie kwenye baiskeli, ndiyo kazi yake."

Akanyoosha mikono miwili, akalipokea.

Bakari akaanguka kwa magoti, akapumua kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Anselmo akageuka aelekee kwenye baiskeli yake. Hakufika. Boksi lilipanda kichwani kwake polepole, mbele ya macho yangu, nayo miguu ikaanza. Alicheka kidogo. Kisha kicheko kikakatika katikati.

Aligeuza macho, maana shingo ilikwisha kukataa kugeuka. Alinitazama mimi, si Bakari.

"Shemeji," akasema. "Ulijua?"

Nilimshika mume wangu mkono, nikamwinua, nikamvuta tukarudi tulikotoka. Vumbi likatupita katikati, miguu, vikohozi, ile fimbo, mpaka vyote vikatangulia kusini. Njiwa wakaanza tena kulia. Mtoto akapiga teke.

Bakari hakumbuki chochote. Anasema jua lilimpiga, akaanguka. Jioni ile aliniambia jina langu mara tatu bila mimi kumuuliza, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Utosini nywele zilianguka siku ya pili, mahali pa mviringo kama ngata, na hazijaota.

Baiskeli ya Anselmo ilikutwa kichakani na mashine yake juu. Watu walisema ni mamba. Wengine walisema amekwenda ng'ambo, ana mwanamke huko. Unajua nani alimtafuta kuliko wote? Bakari. Siku nne alikwenda na watu wa kijiji hadi ukingoni mwa Ruvuma, akirudi miguu imechubuka, akiniambia, "Yule jamaa alikula kwetu, siwezi kulala tu." Nilimkanda miguu kwa maji ya moto.

Mkewe Anselmo alikuja kuniona. Aliketi mkekani kwangu, akaniuliza kama mumewe aliniambia lolote asubuhi ile. Nikasema alinitania kwamba natembea kama bata. Akacheka, akalia. Nami nililia, na akanishukuru kwa kulia naye.

Nilimwendea bibi, nikamweleza yote. Nilitaka anigombeze. Alikuwa akichambua kisamvu.

"Unadhani sisi tulisalimikaje, mjukuu wangu?" akauliza hatimaye. "Babu yangu alikuwa juu ya dari. Askari walipoingia, mama yake aliwaonyesha nyumba ya jirani."

"Na huyo jirani?"

"Alikuwa na watoto watano," bibi akasema, akaendelea kuchambua.

Nilijifungua salama, mtoto wa kiume. Tumehamia Likombe, mjini. Nilimwambia Bakari ni kwa ajili ya kliniki. Anauza vifaa vya umeme, tunaishi. Lakini bado ana adabu ileile. Sokoni akimwona mtu na gunia kichwani, mikono inanyooka yenyewe, nami namvuta shati na kupiga kelele mbele za watu. Majirani wanasema mke wa Bakari ana roho mbaya. Na waseme.

Sasa sikia, kwa sababu huenda ukapita njia ile, au nyingine yoyote kusini huku. Ukikutana na mtu mwenye boksi la mbao, tazama chini kwanza. Kama hana kivuli, mikono yako ikae mfukoni, hata akikuita ndugu, hata akilia. Muulize jina. Akikutajia namba, mpishe.

Huyu wa sasa utamtambua. Ni mrefu, ana pengo mbele, na mwilini huenda bado ana unga wa manjano. Ni mtu mzuri. Hakuna mtu mzuri kama yule, na ndiyo maana nakuonya: utataka kumsaidia. Sikuombi umsaidie, maana najua bei yake, wala sina mdomo wa kukukataza kumhurumia.

Nakuomba jambo moja tu. Akikuuliza tulikohamia, mwambie hujui.