Mamluki aliitaka cruiser yetu Moroni, na aliyemzuia hakuwa rais

"Pikipiki hii ni ya nani?"

Wakuu, swali hilo niliulizwa na mzungu mwenye bunduki kwenye kizuizi, barabara ya Ntsoudjini. Mimi mwenye digrii ya fizikia kutoka Dar nilibaki kinywa wazi kama samaki changu kwenye meza ya sokoni.

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Ninachosimulia kilitokea na nilikuwepo. Asiyeamini ana haki yake. Mimi mwenyewe siamini kitu mpaka nikifungue nione ndani, kwa hiyo hatutagombana.

Kwanza mazingira, kwa mnaoijua Ngazija, kisiwa chetu cha Komoro, kwa jina tu.

Ni mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mamluki walikuja 1978, wakampindua rais mmoja, wakamweka mwingine, halafu wakanogewa, hawakuondoka. Mchana walizunguka mjini na miwani nyeusi kama wanaoigiza sinema. Wengine walisilimu wakaoa kwetu. Wakati huo niliona ni kichekesho tu: mtu anapindua nchi asubuhi, jioni anafundishwa kunawa miguu.

Mimi ni wa Badjanani, mji mkongwe wa Moroni. Nyumbani tunasema Kingazija. Mazungumzo nimeyatia Kiswahili ili tusipotezane.

Sasa chombo chenyewe.

Baba alikuwa baharia. Kwetu mtu anaweza kuoa, akazaa, akapata mvi, ndipo afanye harusi kubwa na mke huyohuyo, ili mji umhesabu mtu mzima. Serikali iliyotangulia ilikuwa imezipiga marufuku harusi hizo. Mamluki walipoiangusha, zikarudi kwa kishindo, na baba akatoka melini na zawadi zake. Wenzake walileta dhahabu na makabati. Yeye alileta dhahabu kidogo na cruiser ya Kijapani, cc 750, silinda mbili za V, kiti chini, usukani juu kama pembe za ng'ombe.

Mimi nilikuwa bado Dar, harusi sikuiona. Niliambiwa mji mzima ulisema mzee amelewa chumvi.

Harusi ikaisha, baba akarudi baharini. Pikipiki ikabaki chumba cha chini cha nyumba yetu, katikati ya masanduku ya nguo za harusi.

Niliporudi na digrii yangu na mdomo wangu, nikapata kazi ya kufundisha Ntsoudjini, kaskazini ya mji. Nikaitoa pikipiki. Watu walisema mwanamke hapandi kitu kile. Niliuliza kwa nini. Hakuna aliyekuwa na sababu zaidi ya "haijatokea", nami nikaona hiyo si sababu, ni historia tu.

Sitawadanganya, niliipenda kupita kiasi. Ilikuwa kitu pekee Moroni ambacho nikikikanyaga kinakwenda bila kwanza kuniuliza mimi ni binti wa nani.

Tatizo: ilikuwa inazima.

Inawaka vizuri, inanguruma, napita Itsandra kama malkia. Nikianza kupanda kuelekea Ntsoudjini inakohoa, inakosa nguvu, kimya. Nashuka, nafungua tangi kuangalia mafuta. Yapo. Nafunga. Naipiga stata, inawaka kama vile haijafanya lolote.

Kesho yake, palepale.

Wakuu wa mitambo mnajua nilikopita. Nilibadilisha plagi. Nilifungua kabureta zote mbili nikazisafisha kwa mswaki wa zamani. Nilikagua waya za betri, maana hewa yetu ya chumvi inakula shaba. Nilishuku koili, kwamba ikipata moto inakata. Nilishuku hata ile swichi ya stendi ya pembeni.

Cha ajabu, nikijaza tangi pomoni ilizima mapema zaidi. Likiwa nusu, inafika mbali kidogo. Hilo lilinikosesha raha, kwa sababu halikuwa na mantiki.

Watu wa pale kilimani walikuwa na mantiki yao: jini. Tena jini mnywaji, ndiyo maana akiona tangi limejaa anawahi. Mzee mmoja aliniambia nipite na bismillahi. Nilimjibu napita nayo, lakini kabureta haisikii Kiarabu. Hakucheka.

Siku nilipogundua ilizima kama kawaida. Nikafungua mfuniko wa tangi, safari hii nikiwa nimeinamisha sikio. Ukavuta pumzi. Fyuuu! Kama mtu aliyezibwa mdomo kisha akaachiwa.

Nilikaa chini kwenye mawe ya volkano nikajicheka peke yangu.

Mfuniko wa tangi una kitundu. Petroli ikishuka kwenye injini, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Kitundu kikiziba, tangi linakuwa kama chupa unayoinyonya bila kuitoa mdomoni: mwisho haitoki kitu. Tangi likijaa, hewa iliyomo ni kidogo, kwa hiyo linakwama haraka. Ukilifungua kuangalia mafuta, unaingiza hewa bila kujua, na "jini" anaondoka.

Nikakikagua kile kitundu. Nta. Nta ya mshumaa, imeshindiliwa vizuri na kulainishwa kwa kidole.

Nikarudi nyumbani. Waliokuwepo ni mama mkubwa, dada yake mama, ambaye ndiye aliyenilea kwa mdomo na kwa mwiko, na mama mwenyewe. Mama alikuwa amekaa Mahajanga, kule Madagaska, miaka mingi, akarudishwa 1977 pamoja na Wangazija wenzake baada ya watu wetu kuuawa kule na kuchomewa mali. Alirudi na maneno machache. Nafasi yote ya kusema alimwachia dada yake, naye hakuiacha ipotee.

"Nani ameziba mfuniko?"

"Mimi," akasema mama mkubwa, bila kuacha kuchambua mchele. "Majoho ya harusi yananuka gereji. Nimefukiza udi, nimefukiza ubani, petroli inashinda. Nikatafuta inapotokea, nikaiziba."

"Mama mkubwa, tangi linapumua!"

"Na mimi je, sipumui?"

Mama alicheka mpaka akajifunika uso na leso. Nikaitoa nta, tukahamisha masanduku ghorofani, na tangu siku hiyo pikipiki haikuzima tena. Funzo la kiufundi hilo, lichukueni bure: kabla hujashusha injini, angalia mfuniko.

Sasa turudi kwenye kizuizi.

Kwa kuwa haikuzima tena, nilianza kufika Ntsoudjini kwa wakati, na kwa mwendo wa kuonekana. Akaniona mamluki mmoja. Nitamwita Ndevu. Akanisimamisha, akaizunguka pikipiki, akaligusa tangi kama anayenunua ng'ombe.

"Ni ya nani?"

Hebu fikirini. Ya baba? Ameshaitoa harusini. Ya mama? Kwetu nyumba na vilivyoingia humo ni vya wanawake wa ukoo kwa pamoja, havigawanywi, haviuzwi. Yangu? Mimi naendesha tu. Hati ina jina la baba, na baba yuko bahari gani sijui.

"Ni ya nyumba," nikasema mwishowe.

Akacheka. "Nyumba haina leseni. Ijumaa nakuja kuijaribu. Ikinifaa naichukua."

Hakuna wa kumshitakia. Ungemshitaki kwa nani, kwa rais aliyewekwa na wenzake?

Nikajiona mjanja. Alhamisi nikamwomba mama mkubwa mshumaa. Akanielewa kabla sijamaliza sentensi, akakiziba kitundu kwa ustadi uleule, na mimi nikajaza tangi pomoni. Mpango: izime kilimani, aisukume juani mwenyewe, aichukie. Mnajua uzito wa cruiser. Mtu akiisukuma mara moja anatubu.

Ijumaa baada ya sala akaja. Tukaisukuma vichochoroni hadi barabarani, akapanda, akapotea. Tukangoja mlangoni, sisi watatu na nusu ya mtaa.

Tukasikia inarudi. Inanguruma, haina hata kikohozi.

Akashuka na tabasamu, akanyoosha kidole gumba. Kilikuwa na nta.

"Fundi ni nani hapa?"

"Mimi," akasema mama mkubwa.

"Safi sana. Jeshini tuliwafanyia hivyo makuruti." Akakipapasa kiti. "Injini iko kama mpya. Kesho nakuja na gari kuichukua."

Kwa hiyo ujanja wangu ulimpa sababu ya kuipenda zaidi. Nilipanda ghorofani nikalia, na msiniulize machozi ya digrii yana ladha gani.

Mama mkubwa hakulia. Alivaa buibui lake. "Yule kaoa wapi?"

"Sijui. Magoudjou, nadhani."

"Kwa nani?"

Nikamwona anatafuta katika kichwa chake, kile kichwa chenye koo zote za Moroni na aibu zao. Akaipata nyumba yenyewe. "Twende."

Tulipofika Magoudjou, mtaa mwingine wa Moroni, tulipokelewa na mama mmoja mnene, mtulivu, mkwe wa Ndevu na mwenye nyumba anayokaa, maana kwetu mume huhamia kwa mke. Walisalimiana na mama mkubwa kwa muda wa kutosha kuivisha wali. Waliulizana habari za wazima, wagonjwa na marehemu. Mwisho mama mkubwa akasema kwa sauti ya kuomba chumvi:

"Nimekuja kukupongeza. Nimesikia kesho unaletewa pikipiki ya nyumba yangu."

Yule mama aliacha kujipepea.

"Ya nyumba?"

"Iliingia harusini."

Akatutandikia mkeka. "Kaeni, mle chakula."

Ndevu akaja kula. Aliacha viatu mlangoni na bunduki nyuma ya mlango. Alipotukuta mkekani alisita, akakaa. Mke wake, binti wa umri wangu, alikuwa anapakua bila kuinua macho. Mkwe alimngoja atie tonge la kwanza.

"Mwanangu, pikipiki unayoitaka ina wenyewe."

"Nitawalipa."

"Utamlipa nani? Wenyewe wako wengi, na wengine hawajazaliwa. Utawangoja?"

Akatabasamu. "Mama, mimi nikitaka kitu mjini hapa..."

"Mjini, ndiyo. Hapa si mjini, hapa ni kwangu. Ukiileta, mimi nitailaza wapi? Watu watauliza imetoka nyumba ya nani. Nijibu nini, mkwe wangu anavunja nyumba za wanawake? Kesho atakuja mwingine avunje ya binti yangu."

"Sijavunja nyumba ya mtu."

"Basi ichukue," akasema yule mama, akamsogezea samaki. "Lakini ukienda kuichukua, ondoka na begi lako. Bunduki usiisahau, iko nyuma ya mlango. Mlango ni wangu."

Wakuu, nilimtazama yule mtu. Mtu aliyeshuka usiku kutoka baharini akaangusha serikali. Alimtazama mke wake. Mke wake akaendelea kupakua. Akautazama wali.

Akala.

Hakuja kesho yake, wala kesho kutwa. Kwenye kizuizi alikuwa anageuza uso nikipita.

Najua kuna mtakaosema, "Si unaona, mila ni nzuri." Polepole. Bado naona harusi kubwa ni njia ya kuwafilisi watu kwa vigelegele. Mila hiyohiyo iliyomsimamisha Ndevu ilikuwa haina neno juu ya watu waliofungwa na wenzake, kwa sababu wao hawakuingia nyumba yoyote kama zawadi. Ililinda chuma. Nilifurahi, nikakasirika, nikapanda chuma changu.

Baadaye nilihamishiwa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Wanawake wa nyumba walikaa kikao kama bunge, wakaniruhusu niende nayo. Ilisafiri juu ya meli bila turubai, chumvi ikaingia, na mjini kule regyuleta inayopima chaji ikafa: betri ikawa inachemka kama chungu. Nilingoja mpya kutoka Reunion mpaka nikasahau sauti ya injini. Mkisafirisha pikipiki kwa meli, funga viungio vyote vya umeme kwa grisi na plastiki, na usimwamini anayekuambia "bahari leo imetulia." Vichochoro vya Mutsamudu vina ngazi, hivyo niliilaza kwa muuza vitambaa karibu na bandari, na milima ya Nzwani ikanifundisha kubadilisha pedi za breki mwenyewe.

Nilichojifunza? Chombo kikizima, tafuta kwanza panapoingia hewa. Na ukishindana na mwenye nguvu, usipoteze muda kumpima misuli. Uliza analala kwa nani.

Karibuni mkosoe, hasa nyie wa cruiser za zamani. Na kama kuna aliyewahi kuzibwa mfuniko na mama yake mkubwa, ajitokeze nisiwe peke yangu duniani.

NYONGEZA: Mkuu mmoja hapo chini ameuliza baba aliwezaje kuendesha dude zito vile kwenye vichochoro vya Badjanani siku ya harusi.

Nami nilimuuliza hivyohivyo, akiwa mzee kabisa, Marseille, mama ameshatangulia mbele ya haki.

Alinishangaa. "Kuendesha? Mimi? Siku ile ilisukumwa na vijana. Mimi sijawahi kuendesha kitu cha magurudumu mawili maishani."

Nikamuuliza basi aliileta ya nini.

"Ya mama yako. Mahajanga alikuwa na pikipiki, akisambazia mikate madukani. Ilichomwa moto siku zile za mauaji. Kila nilipokuwa nikishuka melini, yeye ndiye aliyekuja bandarini kunichukua, na mimi nilikuwa nakaa nyuma."